Mzee wa Kanisa Aliyekataa Kuangalia

Kama kuna mtu aliyenichosha akili hapa Lyamkena, ni mzee wa kanisa wa jumuiya yetu. Mzee ni cheo tu, maana yeye ni mama, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara kuu malori yakipita, na mtu akageuka. Mimi ni fundi wa mapaa. Nimeezeka nyumba yake, jiko lake na banda la kuku wake, na kila nilipokuwa juu yeye alisimama chini akinielekeza. Akisema kuna ubao umepinda, ubao umepinda kweli, ila si ule anaounyooshea kidole. Nikimwonyesha uliopinda, anasema, "Si ndio huohuo niliokuambia?"

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na yeye. Mtu mwongo najua namna ya kuishi naye: simwamini, basi. Huyu hakuwa mwongo. Alikuwa na ukweli mkononi, halafu anauchanganya na ya kusikia na ya kukisia, anayapika yote sufuria moja na kuyapakua mbele za watu. Ukimbishia la uongo, unaonekana unapinga na lile la kweli.

"Mimi siongei la kuambiwa, Fundi," alipenda kusema. Kisha anaanza kusema aliloambiwa.

Mikono yake haikujua kupumzika. Alifuma kofia za sufu za watoto kila mahali: kanisani kabla ibada haijaanza, msibani, hata akiwa amesimama chini ya ngazi yangu. Kila mtoto aliyebatizwa mtaani kwetu alipata kofia yake, ya rangi mbili, yenye kishada juu. Zilizobaki aliwapelekea akina mama wanaouza nguo sokoni Njombe, kwa sababu baridi ya mwezi wa sita kule haina mchezo. Alikuwa mkarimu, hilo siwezi kumnyima. Aliwahi kusafiri mpaka hospitali ya Ikonda kumuuguza mtu ambaye hata si ndugu yake, akakaa naye hadi alipopona. Aliporudi alitusimulia ugonjwa wa mtu huyo wote, kiungo kwa kiungo, mpaka tukatazamana.

Hilo nalo lilikuwa lake. Jumatano jioni kwenye jumuiya, tukifika kwenye maombi, alifumba macho na kufungua siri za watu. "Bwana, tunamkumbuka kijana wetu wa ile nyumba ya geti la bluu, ambaye mke wake amerudi kwao kwa sababu ya pombe ya ulanzi." Tunaitikia amina huku tumefumbua jicho moja kumtafuta wa geti la bluu, na kumbe yupo, amekaa karibu na mlango. Siku moja tukiwa tunatoka nilimuuliza, "Mama, yale si mambo ya ndani ya watu?"

"Namwambia Mungu."

"Mungu si anajua tayari?"

"Anajua. Lakini anapenda aambiwe."

Sasa fikiria kwamba mtu huyuhuyu ndiye aliyewatangazia vita wazazi wanaorekodi watoto wao na kuwarusha mtandaoni. Na wa kwanza mbele yake alikuwa dada yangu mdogo.

Dada yangu na mume wake wanaotesha miche ya parachichi. Walianza na video za miche, hakuna aliyeziangalia. Siku moja binti yao alipita nyuma ya shemeji amembeba kuku kwapani, anamsimulia kuku huyo mambo ya shuleni kwa makini kabisa. Watu wakacheka, wakaomba waonyeshwe tena yule mtoto. Tangu hapo miche ikasahaulika. Kamera ikamfuata binti: anaamka, anakunywa uji, anasukwa, anagombana na mdogo wake, anakataa kuoga kwa sababu ya baridi. Nisiwasingizie, video nyingi zilikuwa nzuri, na mimi mwenyewe nilicheka. Dada yangu anampenda mtoto wake. Aliyesema hampendi hajakaa katika nyumba ile.

Na waliosema hivyo walikuwepo wengi, mzee wa kanisa akiwa mbele yao. Alisema mtoto haendi shule, wakati mimi nilipishana naye kila asubuhi na begi lake. Alisema anaamshwa usiku alie mbele ya kamera. Alisema chakula kinachoonekana mezani kinamwagwa wakishamaliza kurekodi. Chakula kile nilikula mimi, tena nikaongezewa. Kila mara nilimwambia, "Mama, hilo si kweli," naye kila mara alinitazama kwa huruma, akaendelea kufuma.

Kilichoniuma ni kwamba la kweli la kusema lilikuwepo. Mpwa wangu alikuwa ameshabadilika. Akijikwaa, kabla hajalia alitazama kwanza simu iko wapi. Ukimwambia kitu cha kuchekesha, anasubiri kwanza aone kama ni cha kweli au ni cha video. Mtu angelileta hilo kwa dada yangu taratibu, angesikilizwa. Mzee wa kanisa hakulijua, kwa sababu hakuwahi kuangalia hata video moja.

Na alikwepa kwa makusudi. Simu yake ni kitochi, lakini hata ukimpa yako anageuza uso. "Wanahesabu macho, Fundi. Ukiangalia umewaongezea mtu. Langu hawalipati."

"Sasa yaliyomo unayajuaje?"

"Yanajulikana."

Nilichoka. Nilimwambia ukutani kwake kumejaa picha za wajukuu, na mmoja yuko ndani ya beseni hana hata nguo. Akaitazama picha ile, akasema, "Hii anaiona anayeingia kwangu. Na anayeingia kwangu nimemkaribisha mimi." Nadhani ndiyo maana sikuweza kumwacha moja kwa moja. Katika sentensi kumi za ovyo alikuwa na moja ambayo huwezi kuijibu.

Kisha ikaja video ya godoro. Mpwa wangu alikuwa na miaka minane, na katika baridi ile ya mwezi wa saba alikojoa kitandani. Asubuhi dada yangu akatoa godoro kulianika juani, na simu mkononi. Mtoto anaonekana nyuma yake amejifunika kanga usoni, na sauti ya shemeji inasikika ikicheka na kuuliza nani amemwagilia miche ndani ya nyumba. Basi. Watu waliipenda kuliko zote walizowahi kurusha.

Shuleni wakaanza kumwita Godoro. Mwanzo mmoja mmoja, baadaye darasa zima, mpaka wale wadogo wa darasa la kwanza ambao hawajui hata sababu. Akaacha kucheza nje. Asubuhi moja nilikwenda kwenye stoo yangu ya mbao nikamkuta amekaa nyuma ya paini zilizopangwa, amevaa sare, begi mapajani. Nilimwambia twende shule, nitamsindikiza. Akaniuliza, "Mjomba, walimu nao wana simu?"

Nilikwenda kwa dada yangu siku hiyohiyo. "Itoe ile video."

"Kila mtoto anakojoa, kaka. Watu wanacheka kwa upendo."

"Yeye hacheki."

Shemeji akasema ile ndiyo iliyowaletea watu wengi, wakiitoa watapotea. Alisema kwa upole, bila ubaya wowote, na hilo likanikera zaidi. Sikuwa nataka wafunge chaneli yao. Nilitaka kitu kimoja tu, video ile iondoke kabla mtoto hajaikataa shule kabisa.

Nikakosa wa kuniunga mkono, nikaenda kwa mzee wa kanisa. Ndiyo, nilikwenda kwa miguu yangu. Nilijiambia kwamba ukali wake kwa mara moja utafaa kitu. Nikamweleza yote, nikarudia. "Jumatano useme la godoro tu, Mama. Godoro tu. Usiongeze."

"Niongeze nini, Fundi? Mimi siongei la kuambiwa."

Jumanne akaenda Njombe kupeleka kofia zake. Pale sokoni mama mmoja muuza nguo akamwekea simu mbele ya uso kabla hajageuka: mtoto amesimama kwenye beseni nje, asubuhi ya baridi, moshi unamtoka mdomoni, anamwagiwa maji na kulia, na kichwani ana kofia ya rangi mbili yenye kishada. Mzee wa kanisa hakuhitaji zaidi. Ile kofia aliijua.

Jumatano akasimama. La godoro halikusikika kabisa. Alianza na maji na akaishia na maji. Alisema wazazi wa nyumba fulani, ambao wapo hapa tumekaa nao, wanamwagia mtoto maji ya baridi ili alie watu waone. "Na asiniambie mtu sijui. Ile kofia nimeifuma kwa mikono hii!"

Dada yangu hakubisha. Alitoa simu, akaitafuta video ile, akaipata, akaipitisha kwa watu wote waliokaa pale. Ilikuwa familia nyingine kabisa, ya mbali, nyumba nyingine, na mtoto alikuwa wa kiume. Kofia ilikuwa ya mzee wa kanisa kweli, hata mimi niliutambua ufumaji wake. Ilinunuliwa sokoni Njombe na mpita njia ikaenda zake. Watu wakaanza kucheka. Shemeji akasema, "Na hayo mengine anayotusema ndiyo hivyohivyo," na kila mtu akaona ana haki.

Kesho yake walirusha video yao ya kusingiziwa kwenye jumuiya. Watu kutoka kila pembe wakawapa pole, wakawaambia wasikate tamaa, wenye wivu hawakosekani. Na waliokuja kutoa pole wakaendelea kuangalia za nyuma, ikiwemo ile ya godoro, ikasambaa upya kuliko mwanzo. Nilipomgusia tena dada yangu, alinijibu, "Na wewe kaka umeanza kama yule mama?" Sikuwahi kukasirika namna ile. Yule mama alikuwa amechukua neno langu la kweli, la pekee nililokuwa nalo, akalizika kwa mikono yake.

Nilikwenda kwake nikiwa sijanawa hata vumbi la mbao. "Mama, nilikuambia godoro tu!"

"Si ni walewale?"

"Si walewale! Yule ni wa kiume!"

"Mtoto anayemwagiwa maji anamwagiwa maji, Fundi, awe wa kiume awe wa kike."

"Lakini hajamwagiwa na dada yangu!"

Akarudisha uzi nyuma, akafumua mstari mzima, akaanza upya kufuma. Alijua. Ila kukiri ilikuwa kazi nyingine.

Kwetu jumuiya inazunguka, Jumatano hii kwa huyu, ijayo kwa yule. Na tuna desturi kwamba ulilomsema mtu vibaya mbele ya jumuiya, unalifuta mbele ya jumuiya, na unalifuta jumuiya ikiwa imekaa nyumbani kwake, umekunywa chai yake. Huwezi kulifutia kwako au kwa jirani. Yeye ndiye aliyeisimamia desturi hiyo kwa ukali kuliko wote, aliwahi kumrudisha mwalimu mmoja mara mbili kwa kuwa alifuta kwa kunong'ona. Zamu ya dada yangu ilipofika, mzee wa kanisa akawa na mguu. Ilipozunguka tena, akawa na msiba Njombe. Baadaye mguu ukawa wa kweli, mwanawe akamchukua akae naye Njombe atibiwe, na akakaa huko miezi.

Huku nyuma hali ya mpwa wangu haikubadilika. Kwa wiki alikwenda shule siku mbili, akaumwa tumbo siku tatu. Kuna wakati hata mdogo wake alimwita kwa jina lile nyumbani, na hakuna aliyemkemea kwa sababu hakuna aliyesikia kama ni jina baya.

Wakati wa likizo nilipata kazi Njombe mjini, nikaomba niende na mpwa wangu abadilishe hewa. Dada yangu akakubali. Siku ya pili mchana nikamchukua tukaenda kumwona mgonjwa. Nilikuwa na shabaha yangu, nimeshapanga. Tulimkuta amekaa uani juani, mguu juu ya kigoda, sufu mapajani, amekonda.

"Kamwene, Mama," nikamwamkia.

"Kamwene, Fundi. Na huyu?"

"Shikamoo, Bibi," mpwa wangu akasema, akiwa nusu nyuma yangu.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mrefu."

Tulikunywa chai na viazi. Mtoto alikaa kwenye benchi la mbali, akawa anatazama kuku. Nikaona nisizungushe. Nilimwambia mzee wa kanisa kwamba zamu ya dada yangu itafika tena Jumatano ijayo, na safari hii aje afute la maji, halafu aseme la godoro sawasawa, bila kosa hata moja. Na ili asikosee, lazima aangalie. Nikatoa simu, nimeshaiweka tayari. "Ungeangalia tangu mwanzo, Mama, tusingefika hapa. Umemkosea mtoto kwa kutoangalia kwako."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Aliweka sufu chini, akatafuta miwani kwenye mfuko wa sweta, akaivaa, akanyoosha mkono. "Kweli nimekosea. Lete."

Nikampa. Alikuwa hajajua pa kubonyeza, ananiuliza ni hapa au hapa, tukasikia sauti kutoka benchi la mbali.

"Bibi, usiangalie."

Tukageuka wote. Mpwa wangu alikuwa amesimama.

"Hujaiangalia?" akamuuliza.

"Sijaiangalia, mwanangu."

"Hata kidogo? Hata kwenye simu ya mtu mwingine?"

"Hata kidogo."

Mtoto akasogea, akakaa chini kwenye jamvi karibu na kile kigoda. Mzee wa kanisa akaigeuza simu yangu, kioo chini, akaiweka mapajani na mkono juu yake. "Basi niambie wewe kilichomo. Nitasema ulichoniambia wewe."

"Mvua ilinyesha," mpwa wangu akasema. Alisema taratibu, anachagua. "Bati letu linavuja, pale juu ya kitanda changu. Godoro likalowa. Mama akalianika. Basi wakacheka."

"Wakacheka mvua?"

"Ndiyo."

"Mvua ya Mungu!" mzee wa kanisa akasema kwa hasira, na akaamini. Mtoto akamtazama usoni kuhakikisha, akaona ameaminiwa, na akaanza kumsimulia habari nyingine, za kuku wa nyumbani, nyingi, bila kupumua. Sikuwa nimemsikia akiongea hivyo karibu mwaka. Mimi, niliyekuwa nimekuja kutafuta usahihi, nilichukua simu yangu nikaitia mfukoni.

Jumatano iliyofuata alikuja. Mwanawe alimleta kwa gari mpaka mlangoni kwa dada yangu, akaingia na fimbo, akanywa chai mpaka ikaisha, akasimama. Sebule ilikuwa imejaa. Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hajaiona video ya godoro, ila yeye.

"Nilisema mtoto wa nyumba hii alimwagiwa maji," akasema kwa sauti yake ileile. "Hakuwa yeye. Nilikosea, nafuta mbele yenu." Watu wakaitikia. Dada yangu akainamisha kichwa kukubali. Lakini mzee wa kanisa hakukaa. "La godoro sifuti. Mtoto huyu aliloweshewa godoro na mvua, kwa sababu paa la chumba chake linavuja, ameniambia mwenyewe. Na ninyi wakubwa mkaona ni la kucheka, mkawaonyesha watu wa nchi nzima. Mtu anachekwa kwa sababu ya mvua? Na aliyelipiga paa hilo tunaye hapa."

Wote wakanigeukia. Paa la dada yangu nililipiga mimi, na ndilo paa zuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Mwezi wa saba hakunyeshi. Kila mtu mle ndani alijua.

Shemeji alifungua mdomo. Dada yangu akamshika mkono. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyesimama mlangoni na sinia la vikombe, hatikisiki, macho chini. Nilimwona dada yangu akielewa polepole mtoto wake amelazimika kusema nini ili apate mtu mmoja wa kukaa naye. Simu ilikuwa mapajani pake. Angeweza kuipitisha kwa watu wote kama siku ile.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Linavuja."

Ikabaki zamu yangu. "Nitakuja Jumamosi na ngazi," nikasema.

Alhamisi niliitafuta video, haikuwepo. Jumamosi nilipanda juu ya bati kavu lisilo na tundu hata moja, nikagonga misumari ambayo haikuhitaji kugongwa, nikagonga kwa nguvu mpaka mtaa wa pili wakasikia. Mzee wa kanisa alikuwa amesharudi Njombe, ila kabla hajaondoka alikuwa amewaambia watu wa kutosha. Juzi mteja mmoja ameniuliza kama ni kweli mapaa yangu yanavuja. Nimemwambia ni lile moja tu.